Kitunguu Kipate Upepo, Kiazi Kipate Giza: Masanduku Mawili ya Mbao Chakavu

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwa wakizungumzia viazi. Ukinunua debe zima ili uokoe fedha, wiki chache baadaye unakuta nusu vimeota macho, vingine vimegeuka kijani, na kitunguu kimoja kilichooza chini ya ndoo kimewaharibia wenzake wote. Fedha uliyoiokoa sokoni inaishia kwenye pipa la taka.

Sanduku langu la kwanza la jikoni nililitengeneza kwa fahari kubwa. Nililipiga randa, nikaliwekea ukuta katikati, viazi upande huu na vitunguu upande ule, kisha nikalifunika kwa mfuniko wa bawaba uliobana sawasawa. Mwezi haukwisha. Nilipofungua niliona vitunguu vimechipua majani marefu ya rangi ya njano, na harufu iliyotoka ilimfanya jirani aulize kama kuna panya amekufa. Mbao zilikuwa nzuri na misumari imekaa vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba nilitengeneza sanduku bila kumuuliza mpangaji anataka nyumba ya namna gani.

Basi katika mwongozo huu tutatengeneza masanduku mawili, moja la vitunguu maji na moja la viazi mviringo. Vipande ni vilevile na vipimo ni vilevile. Kinachotofautiana ni nafasi unayoiacha kati ya ubao na ubao.

Wapangaji wawili, tabia mbili

Kitunguu kimeshakaushwa shambani kabla ya kukufikia. Maganda yake makavu ndiyo koti lake, na adui yake ni unyevu. Kinataka hewa ipite juu, chini na ubavuni.

Kiazi nacho hutaka hewa kiasi, ila adui yake mkubwa ni mwanga. Kikikaa penye mwanga ngozi yake hugeuka kijani. Ukijani wenyewe hauna sumu, lakini ni ishara kwamba ndani yake imeongezeka solanini, sumu chungu ambayo ikizidi huleta kichefuchefu na kuumwa tumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo kiazi kinataka giza.

Ukivilaza chumba kimoja vinasumbuana. Kiazi kinapumua na kutoa unyevu, nao unyevu huo ndio unaoamsha kitunguu kichipue au kioze. Ndiyo sababu ya masanduku mawili, na ndiyo sababu hayatawekwa moja juu ya jingine.

Mbao za kuchukua na mbao za kuacha

Paleti za mizigo ndizo rahisi kupatikana karibu na maghala na maduka ya jumla. Muombe mwenyewe kwanza. Paleti iliyoegeshwa nje ya ghala haimaanishi imetupwa, na nyingine, hasa zilizopakwa rangi moja kote, ni mali ya kampuni zinazozikodisha na huwa zinarudishwa.

Ukishapewa, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa alama ya suke la ngano na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, mfano TZ au KE, halafu herufi za matibabu. Ukiona HT, mbao hizo zilipashwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 30 ili kuua wadudu. Hizo zichukue. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi. Hizo ziache, maana unatengeneza chombo cha chakula. Paleti isiyo na muhuri si lazima iwe mbaya, lakini uliza ilibeba nini. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa ya shamba haifai jikoni hata ukiirandaje.

Njia nyingine ni karakana za samani. Pale Keko jijini Dar es Salaam, au Gikomba jijini Nairobi, na katika kila mji wenye maseremala, kuna vipande vinavyobaki na kuishia kuwa kuni. Vipande vya paina ni laini na vinakubali msumari. Vya mninga au mkongo vinadumu zaidi, ila vitoboe kwanza, la sivyo msumari utapinda au ubao utapasuka.

Mbao zinazobaki baada ya kuezeka nyumba zinataka uangalifu. Nyingi huwa zimetiwa dawa ya mchwa na zina rangi ya kijani-kijani. Dawa hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromi na aseniki. Zinafaa darini. Kwenye sanduku la chakula hazifai, na vipande vyake visiingie jikoni hata kama kuni, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu. Acha pia mbao zilizopakwa oili chafu ya gari, na mbao za kumwagia zege, ambazo saruji iliyoganda itamaliza meno ya msumeno wako kabla hujafika katikati.

Mwisho, gonga ubao kwa nyundo. Ukidondosha unga mweupe kutoka kwenye vitundu vidogo, bungua bado wamo ndani. Uache ulipo.

Vifaa

Huhitaji karakana. Unahitaji msumeno wa mkono, nyundo yenye makucha, tepu ya kupimia, penseli, guni la kupimia kona, mtaimbo mdogo, na msasa namba 80 na namba 120. Ukiwa na keekee ya kutobolea ni vizuri zaidi. Nunua misumari ya inchi mbili na michache ya inchi tatu. Gundi nyeupe ya mbao huongeza uimara, lakini bila hiyo sanduku litasimama.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Paleti ni shamba la misumari yenye kutu, na ikikuchoma mguuni nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Usingoje kidonda kivimbe. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa, kwani vumbi la mbao, hasa la miti migumu, huwasha pua na kifua.

Kuvunja paleti bila kuvunja mbao

Wengi hushindwa hapa. Wanapiga nyundo kwa hasira, mbao zinapasuka, wanasema paleti hazifai. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Ingiza ncha ya mtaimbo kati ya ubao na gogo lake, weka kipande cha ubao chini ya mtaimbo uwe egemeo, kisha bonyeza kidogo. Hamia upande wa pili, bonyeza kidogo. Rudi. Ubao utainuka sentimita moja kila mahali, ndipo urudishe kwa kuugonga chini. Vichwa vya misumari vitabaki vimejitokeza, nawe utaving'oa kwa makucha ya nyundo.

Msumari ukigoma kabisa, usipigane nao. Kata ubao kwa msumeno pembeni mwa msumari na uache ncha hiyo. Utapoteza sentimita chache, lakini vipande tunavyohitaji ni vifupi. Kabla ya kukata chochote, pitisha macho na kidole upande wa chini kutafuta misumari iliyokatikia ndani.

Vipimo

Nimechukulia mbao zenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2, zinazokaribia mbao za paleti nyingi. Zako zikiwa tofauti, badilisha hesabu. Kwa sanduku moja kata hivi:

- Nguzo 4 za inchi mbili kwa mbili, kila moja sentimita 45.
- Mbao 6 za ubavuni, kila moja sentimita 30.
- Mbao 6 za mbele na nyuma, kila moja sentimita 50.
- Mbao 3 za kitako, kila moja sentimita 36, mbili nzima na moja iliyopasuliwa ikabaki na upana wa sentimita 5.
- Vishikizo 2 vya inchi moja kwa mbili, kila kimoja sentimita 30. Hivi ndivyo vitakavyobeba kitako.

Kwa masanduku yote mawili nguzo ni nane. Kama paleti zako hazina vipande vinene, nunua mbili kwa mbili moja ya futi 12. Inatoa nguzo zote nane na kubakisha kipande cha kidole tu. Vishikizo vyote vinne vinatoka kwenye futi nne za moja kwa mbili.

Mbao za paleti zenye urefu wa sentimita 120 zikate kwa mpango ili usiishie na vipande visivyo na kazi. Mbao sita za kwanza, kila moja itoe kipande kimoja cha 50 na viwili vya 30. Mbao tatu zinazofuata, kila moja itoe vipande viwili vya 50. Mbao mbili za mwisho zitoe vitako, na kipande kimoja kati ya hivyo kipasue katikati kwa urefu, kila sanduku lipate nusu yake. Jumla ni mbao 11. Paleti mbili zitakutosha na kukuachia za akiba kwa zile zitakazopasuka.

Kipande cha kwanza kikishakaa sawa, kitumie kuwa kigezo. Kilaze juu ya ubao unaofuata, chora penseli, kata. Ukipima kila kimoja upya kwa tepu, milimita zitajilimbikiza na sanduku litasimama kama mlevi.

Kuunganisha

1. Anza na mbavu. Laza nguzo mbili chini sambamba, upana wa nje kwa nje uwe sentimita 30. Panga mbao tatu za sentimita 30 kukatiza nguzo, ukianzia kwenye ncha ya juu. Upande huu wenye mbao ndio utakaotazama ndani ya sanduku, na nguzo zitabaki nje.

2. Hapa ndipo masanduku yanapoachana. La viazi, banisha mbao tatu zigusane kabisa. Zitachukua sentimita 30 na chini zitabaki sentimita 15 za miguu. La vitunguu, acha nafasi ya sentimita 2 kati ya ubao na ubao. Usipime kwa jicho. Chukua kipande chochote chenye unene wa sentimita 2, kiweke katikati, pigilia, kitoe. Mbao zitashuka hadi sentimita 34 na miguu itabaki na sentimita 11. Hewa ina njia.

3. Pigilia kila ncha kwa misumari miwili ya inchi mbili. Usiipange kwenye mstari mmoja wa nyuzi za ubao, na usikaribie ncha kuliko sentimita 2. Kabla ya kupiga, simamisha msumari kichwa chini na uigonge ncha yake iwe butu kidogo. Ncha kali hutanua nyuzi na kupasua ubao, ncha butu huzikata na kupita.

4. Weka kishikizo ndani ya kila ubavu, kikilingana na ukingo wa chini wa ubao wa mwisho, kikiwa kimesimama kwa upana wake. Kipigilie ncha zote mbili kwa misumari ya inchi tatu ili ipite kishikizo, ipite ubao, iingie kwenye nguzo. Uzito wote wa mzigo utakaa hapa, kwa hiyo usibane matumizi ya misumari.

5. Simamisha mbavu mbili zikitazamana na uzifunge upande wa nyuma kwa mbao za sentimita 50, kutoka nguzo ya kushoto hadi nguzo ya kulia. Fuata mpangilio uleule, zilizobana kwa viazi, zenye nafasi kwa vitunguu. Angalia misumari hii isikutane ndani ya nguzo na ile ya ubavuni. Ipandishe au ishushe kidogo.

6. Panga kitako kabla ya kufunga mbele, ukiwa bado na nafasi ya kuzungusha nyundo. Mbao za kitako hulala juu ya vishikizo kutoka kushoto kwenda kulia. Kina cha sanduku ni sentimita 30 na mbao zako zimechukua 25, kwa hiyo zinabaki 5. Zigawe katika nafasi nne, kila moja sentimita moja na ushei: nyuma, kati mara mbili, na mbele. Kitako cha sanduku la viazi nacho kiachie nafasi hizi, kwani hewa itaingilia chini bila kuleta mwanga mwingi. Kipande kisipoingia, pima upya upana wa ndani. Huenda mbao zako ni nene kuliko zangu.

7. Pigilia ubao mmoja wa mbele, ule wa juu, kwa msumari mmoja kila ncha, kisha simama. Pima kona kwa kona kutoka juu, mshazari wa kwanza na mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, sanduku limenyooka. Visipolingana, shika kona mbili za mshazari mrefu usukume kwa ndani hadi vilingane. Ndipo umalize misumari na mbao zilizobaki.

8. Sanduku likiyumba, liweke mahali palipo sawa, utafute mguu mrefu, uupunguze kidogo kidogo kwa msasa au tupa. Ukikimbilia kukata kwa msumeno utaishia kukata miguu yote minne zamu kwa zamu, na sanduku likae chini kama kuku anayeatamia.

Nafasi ya ndani ya sanduku la viazi ni sentimita 36 kwa 30 kwa 23. Hiyo ni zaidi kidogo ya lita 24, na debe letu la kawaida ni lita 20. Debe moja linaingia na nafasi ya kifuniko inabaki.

Kumalizia

Piga msasa namba 80 kila mahali mkono utakapopita, hasa kingo za juu, kisha namba 120. Kibanzi kinachoingia kidoleni saa moja usiku wakati umeme umekatika hutakisahau.

Ndani acha mbao zikiwa tupu. Rangi na vanishi huziba pumzi ya mbao, na hutaki vipande vyake vilivyobanduka kwenye chakula. Nje, kama unataka ing'ae na ifutike kwa urahisi, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu nne za mafuta ya nazi, ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiliweke kopo moja kwa moja juu ya moto, maana nta hushika moto. Ikipoa, paka kwa kitambaa, acha usiku kucha, futa. Mafuta ya alizeti uliyokaangia usiyapake. Yataganda, yatanata, yatatoa harufu na kuwaita mende.

Miguu ivalishe viatu. Kandambili iliyokatika usiitupe. Kata vipande vinne vya ukubwa wa nguzo na uvibandike chini ya miguu. Ukipiga deki, mbao hazitanyonya maji, na sanduku halitakwaruza sakafu.

Sanduku la viazi halina mfuniko. Kifuniko chake ni gunia la katani au juti lililokunjwa mara mbili na kulazwa juu ya viazi. Linazuia mwanga, linapitisha hewa, na linafuliwa. Mfuko wa plastiki haufai hata kwa siku moja, kwa sababu hutoa jasho.

Kuyaweka na kuyatumia

Sanduku la vitunguu liweke penye upepo, karibu na dirisha lakini mvua isilifikie, na sentimita 5 kutoka ukutani. La viazi liweke kona yenye giza na ubaridi, mbali na jiko na mbali na sinki. Kati yao iwepo angalau hatua mbili. Kama jiko lako ni dogo, moja likae jikoni na jingine ukumbini. Hayatagombana.

Usioshe viazi kabla ya kuvihifadhi. Udongo mkavu uache, osha unapopika. Vitunguu bana shingo kwanza. Ikiwa laini na mbichi, hicho kile wiki hii. Usijaze vitunguu hadi ukingoni hata kama nafasi ipo, kwani vya chini vitakosa hewa. Nusu ya kina inatosha.

Kiazi chenye kijani kidogo kimenye kwa kina na ukate macho yote. Kilicho kijani sana au kichungu kitupe. Na friji usiifanye ghala la viazi. Baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na chipsi zake huwa nyeusi kabla hazijaiva.

Kila Jumamosi vua gunia, geuza viazi, vikague. Samaki mmoja akioza huoza wote, na kiazi ni hivyohivyo. Kila yanapokuwa matupu, yatoe masanduku nje, yagonge, yaanike juani saa chache, kisha ujaze upya.

Joto la pwani ni joto la pwani. Anayeishi Njombe au Limuru, viazi vyake vitakaa muda mrefu kuliko vya mkazi wa Mombasa au Mbagala, sanduku liwe zuri namna gani. Kwa hiyo nunua kwa kadiri ya hali ya hewa yako, debe huko kwenye baridi, sado mbili huku kwenye joto. Anza na sanduku la vitunguu, kwa kuwa nafasi zake husamehe makosa ya mkono mgeni. Ukifika kwenye la viazi, ambalo linataka mbao zibane, mkono utakuwa umeshazoea.